Kichwa cha Treni Kilichofichwa Darini

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi saa pale Karatu. Nilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, kando ya barabara kuu, na meza moja na kabati dogo la kioo. Ilikuwa miaka ya shida. Betri hazikuonekana, saa mpya ndiyo usiseme, kwa hiyo watu waliniletea saa za zamani za kutia ufunguo, nyingine zimelala kwenye masanduku tangu enzi za baba zao. Mimi si mwenyeji wa huko. Nilizaliwa Singida, ufundi nikaupata Arusha kwa fundi mmoja wa Kihindi ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja, na Karatu nilifika nikiwa na mawazo ya kukaa mwaka mmoja tu.

Asubuhi moja ya kipupwe, ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukiwa bado umelala barabarani, lori la kutoka Mbulumbulu lilishusha abiria mbele ya duka. Mama mmoja mtu mzima, Mwiraqw, akaja moja kwa moja mezani kwangu. Alikuwa amebeba sanduku la bati mgongoni, amelifunga kwa khanga kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa vitu vya kutia ufunguo?"

Nikasema ndiye mimi. Akashusha sanduku, akalifungua. Ndani kulikuwa na mabehewa matatu ya bati, madogo, marefu kama kiganja changu. Yalikuwa ya kijani, na kwenye madirisha walichorwa watu wenye kofia. Chini yake kulikuwa na vipande vya reli vilivyopinda, vya kuunganishwa hadi vikawa duara, na ufunguo mdogo uliofungwa kwa uzi. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya soksi ya sufu ya mtoto. Alikivua ile soksi taratibu. Kilikuwa kichwa cha treni, cheusi, kimeliwa na kutu, magurudumu yake hayageuki.

"Nataka uniambie jambo moja," alisema. "Hiki kichwa ni cha haya mabehewa, au ni cha treni nyingine?"

"Hutaki nikitengeneze?"

"Utengeneze pia. Lakini kwanza uniambie hilo."

Nikamwambia mimi ni fundi saa, habari za treni sizijui. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayekwepa kazi. "Ndani yake mna saa," akasema. "Nilikuwa naisikia ikilia kila siku. Fungua utaona."

Nikamvutia kiti. Nilipomuuliza kwa nini jambo hilo lina uzito hivyo, akaanza kunieleza. Alieleza bila haraka, na mara mbili alisimama akitafuta neno la Kiswahili.

Ujana wake alikuwa yaya kwenye shamba la kahawa la Mzungu, upande wa Oldeani. Mumewe alikuwa nyapara wa wachumaji kwenye shamba hilohilo. Mtoto wa yule Mzungu na mtoto wao wa kiume walikuwa wa rika moja, wakicheza pamoja kutwa nzima. Siku moja kichwa cha treni kikapotea. Mama wa Kizungu akasema kimeibwa, na aliyeonekana nacho mara ya mwisho ni mtoto wa yaya. Yule nyapara aliitwa ofisini akakaripiwa mbele ya vibarua aliokuwa akiwasimamia. Akarudi nyumbani, akakata mshipi wa ngozi, akampiga mtoto siku mbili. Mtoto hakusema kitu zaidi ya "sikuiba". Siku ya tatu baba akamwambia kwamba mwizi hatalala ndani ya nyumba yake. Mtoto akaondoka, miaka kumi na miwili, akateremka kwa mjomba wake huko Baray. Hakurudi tena.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko hai. Analima vitunguu. Ana mke na watoto." Alinyoosha kidole kuelekea upande wa bonde, kana kwamba tungeweza kumwona kutoka pale barazani. "Mimi nimemwona mara nne tangu aondoke. Baba yake hajamwona kabisa."

Wazungu wale waliondoka mwaka uliofuata. Yule mama wa Kizungu alimwachia yaya wake vyombo vya jikoni, blanketi mbili, na sanduku la treni isiyo na kichwa. "Alinipa kwa sababu haikuwa na kazi tena," alisema. Akalitunza karibu miaka thelathini. Sasa, wiki tatu zilizopita, mpwa wake ambaye ni seremala alikuwa akibadilisha mbao za dari kwenye ile nyumba ya zamani ya shamba, ambayo imegeuzwa ghala, akakuta kitu ndani ya soksi, kimesukumwa mbali kabisa pembeni ya dari.

"Mwanangu hakuwahi kuvaa soksi," alisema. "Sisi tulikuwa hatuna soksi."

Nilimjibu kwamba soksi inaweza kutuambia nani alikifunga, lakini haituambii kama kichwa hiki ndicho kilichopotea. Watoto wa Kizungu walikuwa na vitu vingi. Akakubali kwa kichwa. Nadhani ndiyo maana alikuja kwangu badala ya kwenda moja kwa moja kwa mumewe. Nikamwambia arudi siku ya mnada.

Nilianza na macho tu, kabla ya kugusa bisibisi. Mambo mawili hayakunipendeza. Mabehewa yalikuwa ya kijani, kichwa cheusi. Na ndoano ya nyuma ya kichwa haikufanana na ndoano za mabehewa. Ilikuwa waya mnene uliokunjwa, wakati zile nyingine zilikuwa bati lililokatwa kiwandani. Kisha nikachukua ule ufunguo. Uliingia kwenye mhimili sawasawa. Nikadhani nimepata jibu, lakini nilipoujaribu kwenye saa mbili za mezani zilizokuwa kabatini, uliingia kote vilevile. Ukawa si ushahidi wa kitu.

Mwili wa kichwa ulishikwa na vidole vya bati vilivyopenyezwa na kukunjwa. Bati la zamani likikunjwa mara ya pili hukatika, kwa hiyo nilivipasha moto kidogo na kuvinyoosha kimoja kimoja, mchana mzima. Ndani, kweli, ilikuwa saa. Kamani, ule utepe wa chuma unaoisukuma, ilikuwa imekatika karibu na ncha ya nje, na gurudumu moja la meno lilikuwa limepoteza meno matatu. Nikaziloweka sehemu zote za ndani kwenye mafuta ya taa, mafuta niliyoyabana kutoka kwenye taa yangu mwenyewe kwa sababu wiki ile hayakupatikana dukani. Ncha ya kamani niliichoma mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe yenyewe ili ilainike, nikatoboa tundu jipya na kuikunja. Kwa yale meno nilikata kipande cha shaba kutoka kwenye kufuli bovu, nikakichomekea pale penye pengo, nikakilehemu, kisha nikachonga meno mapya kwa tupa ndogo. Ile kazi ya meno peke yake ilinila siku tatu. Nilipochoka macho nilisafisha mabehewa.

Hapo ndipo nilipoona namba. Chini ya behewa la kwanza, mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari namba mbili, akaizungushia duara. Behewa la pili lilikuwa na tatu, na la mwisho nne, kila moja na duara lake, duara la mkono wa mtoto, halikufunga vizuri. Nilikaa nikaziangalia. Kama kulikuwa na mbili, tatu na nne, basi mahali fulani kulikuwa na moja.

Nikakigeuza kichwa cha treni. Tumbo lake lilikuwa limefunikwa na ukoko mweusi, mafuta ya kale yaliyogandamana na vumbi na kinyesi cha popo vilivyopenya ile soksi. Chini ya ukoko ule jibu lilikuwepo, la ndiyo au la hapana. Nilichukua kisu kidogo, nikakiweka tena. Ilikuwa karibu saa kumi jioni, nikajiambia nitaukwangua kesho kwenye mwanga mzuri.

Kesho yake, kabla sijakaa, nilimkuta mzee mmoja mrefu amesimama barazani na fimbo, koti kuukuu limefungwa vifungo vyote. Nilimwamkia kwa jina wanalowaita wazee kwao.

"Shikamoo, ako."

"Marahaba. Mke wangu alileta sanduku hapa."

Nikajua ni nani. Nikampa kiti, hakukaa. Aliyaangalia mabehewa yaliyopangwa mezani, yameng'aa, halafu akakiona kichwa kimelala ubavu.

"Umeshajua?" akauliza.

"Bado, ako. Nadhani leo nitajua." Nikamwonyesha zile namba. Nikamwonyesha ule ukoko. Sijui kwa nini nilimwonyesha; labda nilitaka mtu mwingine abebe jambo lile pamoja nami.

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hapo chini bado hujasafisha."

"Bado."

"Basi usisafishe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akakaa sasa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema. "Watu wananiletea kesi zao, za mipaka, za ndoa, za watoto wakorofi. Nawaambia fanyeni hivi, na wanafanya. Miaka yote hii nimejua nilimfukuza mwizi. Ilikuwa vibaya, lakini nilikuwa na sababu. Sasa wewe ukikwangua hapo, ukakuta namba, mimi nitakuwa nani?"

"Ako, inawezekana nisikute kitu."

"Usipokuta, mke wangu atavunjika. Ukikuta, nitavunjika mimi. Ukiacha hivyo hivyo, utamwambia hukuweza kujua, na sote tutaendelea kuishi. Nakuomba, kijana."

Hakunitisha. Aliniomba tu, naye ni mtu mwenye umri wa baba yangu. Sikumwahidi, na sikumkatalia. Aliinuka akavuka barabara, akaketi peke yake upande wa pili akisubiri lori, na hakugeuka tena kutazama kwangu.

Nilikiweka kichwa kabatini. Siku tano nilitengeneza kila kitu isipokuwa tumbo lake. Nilinyoosha reli, nikapiga msasa kutu ya magurudumu, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila mhimili. Nilijitungia maneno ya kumwambia yule mama, kwamba vitu vya zamani vina siri zake, kwamba fundi ana mipaka yake. Yalikuwa maneno mazuri na kila nilipoyarudia niliona aibu. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma mzee kuliko mtoto aliyepigwa, kwa sababu tu mzee nilikuwa nimemwona kwa macho na mtoto sikuwa nimemwona.

Siku moja kabla ya mnada nikakitoa. Nilipaka mafuta ya taa kwenye ukoko, nikasubiri, nikaanza kukwangua kwa kijiti cha mti ili nisiongeze mkwaruzo wangu mwenyewe. Rangi nyeusi ilitoka pamoja na uchafu, na chini yake ikatokea ya kijani, kijani kilekile cha mabehewa. Weusi wote ule ulikuwa masizi na mafuta. Ndoano ya waya nayo, naona ile ya kiwandani ilikatika, mtu akaikunja nyingine. Kisha ukatokea mstari. Mstari mmoja unaweza kuwa kitu chochote. Nikaendelea kusugua pembeni yake, na duara likajitokeza, halikufunga vizuri, likiwa na mstari katikati.

Nilikifunika kwa kitambaa nikaenda kunawa mikono.

Mama alikuja asubuhi ya mnada. Niligeuza vyote vinne mezani mbele yake, tumbo juu. Alipitisha kidole kwenye moja, mbili, tatu, nne. "Walikaa kwenye ngazi za nyuma na msumari," alisema. "Wangu alikuwa hajaanza shule. Mwenzake ndiye aliyemfundisha kuhesabu hapo. Nilikuwa naanika nguo." Akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza alisema niende naye Mbulumbulu, kwa sababu yeye akimweleza mumewe peke yake, mzee atasema fundi ameshawishiwa. Sikumwambia kwamba mumewe alikuwa ameshafika kwangu. Mpaka leo sijui kama alijua.

Tulifika kwao saa sita mchana. Mzee alikuwa uani akichonga mpini. Aliponiona na sanduku, alielewa. Alisimama, akasema, "Ndani sakafu ya udongo haiko sawa." Kisha akaenda mlangoni, akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akaulaza juani katikati ya uwanja.

Nikaunganisha reli juu ya ule mlango. Nikapanga mabehewa, nikatia ufunguo, nikakiachia kichwa. Kilikwama mara moja pale penye meno yangu ya shaba, kikajivuta, kikaenda. Sauti yake ilikuwa kavu, ya haraka, kama saa yenye hofu. Mama alijishika kifua kwa mikono miwili. Treni ilizunguka mara sita na kusimama.

Mzee alichuchumaa, akaokota kichwa, akakigeuza, akatazama chini yake.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili aliniambia hakuiba, na mimi nilikuwa nasikia kiburi."

Mkewe alikuwa amesubiri maneno hayo kwa muda mrefu mno, na yalipokuja naona hakujua pa kuyaweka. Mzee akaunyanyua mlango, akaurudisha kwenye bawaba; nikataka kumsaidia, akakataa. Alipomaliza akaniuliza lori la Baray linapita Karatu siku gani.

Aliniomba niende nao. Alisema mbele ya mgeni watu hujizuia. Tukateremka Alhamisi, na kadiri tulivyoshuka joto lilipanda, mzee akafungua kifungo kimoja cha koti, kisha cha pili. Njia nzima alikuwa akisogeza midomo. Alikuwa anajifunza maneno yake.

Tulimkuta mwanawe kwenye mfereji, suruali imekunjwa magotini, akigeuza maji kuyaingiza kwenye matuta ya vitunguu. Mtu wa miaka arobaini, mwenye mvi chache, mrefu vilevile kama baba yake. Alimwona mama kwanza. "Aayo," akamwita, yaani mama, na akaanza kutabasamu. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma yake. Tabasamu likaisha. Alichomeka jembe kwenye tope akatoka majini.

Maneno yote ya mzee yalipotea. Alitoa ile soksi kwenye mfuko wa koti akamnyooshea.

Yule bwana aliipokea, akatazama ndani, na wa kwanza kumkumbuka hakuwa baba yake, bali mwenzake wa Kizungu. "Hii soksi ni yake," alisema, kwa Kiswahili, naona kwa sababu yangu. "Walikuwa wanampeleka shule ya bweni, mbali. Aliogopa wakati hayupo watagawa vitu vyake. Tukapanda darini, tukakificha ili tukikute akirudi. Akavua soksi yake akakifunga. Tukaapa hatusemi. Kilipotafutwa, yeye alikuwa ameshaondoka."

"Kwa hiyo ulijua kilipo," mama alisema.

"Nilijua."

"Siku zote mbili?"

"Siku ya kwanza sikusema kwa sababu niliapa." Akamtazama baba yake. "Siku ya pili sikusema kwa sababu yako. Niliona bora unipige kuliko nikubembeleze uniamini."

Mzee alianza kusema kwa Kiiraqw, polepole, akiwa amevua kofia. Sikuelewa hata neno moja. Mama aliniambia baadaye kwamba aliomba radhi kwa maneno ambayo kwao mzazi hamwambii mtoto wake, na kwamba alirudia mara tatu. Mwanawe alisikiliza akiangalia maji. Mzee alipomaliza, hakujibu. Alimwita mkewe akamwambia alete chakula na kiti chenye mgongo kwa ajili ya babu. Tukala ugali na mboga chini ya kibanda cha mabua ya mahindi, na watoto wakaja kuamkia mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa ili mzee awaguse. Aliwagusa. Tulipoondoka, mtoto na baba walipeana mikono kama watu waliomaliza biashara, na kichwa cha treni kilirudi na mama.

Njiani kupanda mlima mzee alisema, bila kumwelekea mtu, "Hakunijibu."

"Alikupa kiti," mkewe akasema.

Wakati wa kuvuna ngano mwanawe alikuja Mbulumbulu na watoto wawili. Alilala siku mbili. Nilisikia kwamba yeye na mzee walitengeneza zizi pamoja, na kwamba yote waliyozungumza yalikuwa ya nguzo na misumari. Akaja tena mwaka uliofuata. Mzee aliacha kuamua kesi za watoto wakorofi. Akiletewa aliwaelekeza kwa mzee mwingine, bila kusema sababu. Alipougua, ugonjwa wa kifua uliochukua miezi, mwanawe alipanda kutoka Baray na kukaa mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumlisha uji. Kama alimjibu katika siku zile, hakuna aliyesikia.

Mimi nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma na wageni.

Baada ya hapo mama alihamia kwa mwanawe. Nilikutana naye mara moja, kwenye mnada, amekaa juu ya gunia la vitunguu na mjukuu wa kike pembeni akiwa amevaa sare ya shule. Alilalamika juu ya joto la bondeni, mbu, na wajukuu wanaojibu kwa Kiswahili wakisemeshwa Kiiraqw. Aliniuliza kama nimeshaoa. Nikamwambia bado. Akaniambia ninakawia, akafunga vitunguu vya kutosha wiki nzima kwenye gazeti na kunilazimisha nivichukue, kisha akaenda kuwahi lori, akimshikilia mjukuu bega kwa sababu ardhi ilikuwa na utelezi.